Maudhui ya mamlaka katika fasihi ya kale: tuanzie wapi, zaidi ya "mfalme mbaya"?

msomaji_wa_Ngara

Habari za jioni wadau. Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa katikati ya jiji. Huwa watu 12 hadi 15, na muda ni saa moja na nusu basi, maana ukumbi una wengine wanaosubiri. Mada ya mwezi ujao ni mamlaka katika fasihi ya kale. Mezani nina Juliasi Kaizari ya Shakespeare kwa tafsiri ya Nyerere, King Lear ya Kiingereza, Makbeth, na nataka kuongeza kitu kimoja cha kwetu cha pwani.

Shida ni hii: mada ya uongozi ikiguswa tu, dakika kumi haziishi kabla kila mfalme hajageuzwa mwanasiasa fulani wa juzi. Vitabu vinafungwa, tunabaki na siasa za kituo cha matatu. Au tunaishia kwenye sentensi ya mtihani: "kiongozi ni dhalimu, raia wanateseka", na hapo hakuna la kuongeza.

Naomba msaada kwa matatu. Moja, nianzie wapi ndani ya vitabu vyenyewe? Pili, je, mamlaka, madaraka, nguvu na enzi ni vitu tofauti au tunajisumbua tu? Tatu, kazi gani ya pwani itasomeka na mtu ambaye hakukulia Lamu?

---

penseli_ya_Kahawa

La kwanza jibu lake fupi: mwache mfalme, mtafute anayetumwa.

Mfalme akisema "mkamateni" na asitokee wa kukamata, hapo hapana amri, pana kelele. Ndiyo maana tamthilia nyingi za kutawala zina mtu mdogo, mara nyingi hana hata jina, ambaye kwa mistari michache kila kitu kinaning'inia mkononi mwake. Mlinzi, mtumishi, kapteni, tarishi. Wasomaji humruka kwa sababu kwenye orodha ya wahusika yuko chini kabisa.

Chukua Lear, Tendo la 3, Onyesho la 7. Gloucester, mkuu aliyemsaidia mfalme, amefungwa kitini, na Cornwall, mkwe wa Lear, ameshamng'oa jicho moja na anaelekea la pili. Hapo mtumishi wa Cornwall mwenyewe, aliyemtumikia tangu utotoni, anamwambia aache. Anasema kabisa kwamba hajawahi kumtumikia vyema kuliko sasa anapomzuia. Wanachomoana panga. Cornwall anajeruhiwa, na jeraha hilo ndilo litakalomuua baadaye. Regan, mke wa Cornwall na binti wa Lear, ananyakua upanga wa mtu mwingine na kumchoma mtumishi kwa nyuma, akishangaa kwamba kabwela anaweza kusimama hivyo. Mtumishi huyu hana jina. Ana mistari isiyofika kumi na tano. Lakini ndiye mtu wa kwanza katika tamthilia nzima kumzuia mtawala kwa mkono, na mtawala anakufa kwa ajili yake. Wakubwa wote walishindwa: Kent, mtu mwaminifu wa Lear, aliongea akafukuzwa, Albany, mkwe mwingine, alikuwa bado anasitasita.

Sasa mweke kando ya mwenzake wa Tendo la 5, Onyesho la 3. Edmund, mwana wa nje wa Gloucester, anampa kapteni karatasi yenye amri ya kumuua Cordelia, binti mdogo wa Lear, na kumwahidi kupandishwa cheo. Kapteni anajibu kwamba yeye si punda wa kuvuta mkokoteni wala kula shayiri kavu. Kama ni kazi ya binadamu, ataifanya. Basi. Kazi ya binadamu! Msikilize huyo kwa makini, kwa sababu yeye hana chuki na Cordelia. Anatafuta riziki. Shakespeare amekupa watu wawili wa ngazi moja, mmoja kakataa na mwingine kakubali, na mfalme hayumo katika hesabu hiyo kabisa.

Tahadhari ya nakala: King Lear ina matini mbili za zamani, ya 1608 na ya 1623, na hazilingani. Maneno ya kapteni kuhusu mkokoteni yako katika ile ya 1608 tu. Vivyo hivyo wale watumishi wawili wanaobaki na Gloucester na kwenda kumtafutia kitani na ute wa yai kwa ajili ya uso unaotoka damu. Nakala nyingi za shule huchanganya matini zote mbili, lakini siyo zote. Kabla hujamwambia mtu asome, fungua nakala yake uhakikishe mistari imo, la sivyo nusu ya kikundi itatafuta kitu ambacho hakijachapishwa.

Katika Juliasi Kaizari fanya hivyo hivyo, ila hapa anayetumwa ni umati. Kila mtu hukimbilia hotuba ya Antony, rafiki wa Kaizari, na ni haki yake, lakini mlango wa kuingilia uko kabla yake. Brutus, mmoja wa wauaji, anamaliza kueleza kwamba Kaizari aliuawa ili Roma isiwe na mfalme. Anaongea kwa nathari, sentensi zimepimwa kama mizani ya dukani. Umati unafurahi, na raia mmoja anapaza sauti: huyu naye awe Kaizari! Yaani wamesikia kila neno na hawakuelewa hata moja. Hapo ndipo Brutus ameshindwa, Antony hata hajapanda jukwaani.

Makosa ya Brutus ni matatu na yote ni ya kiufundi, siyo ya tabia. Alikataa Antony auawe pamoja na Kaizari. Alimruhusu Antony azungumze mazishini, tena baada yake, tena akiwa na maiti. Halafu akashikilia jeshi liende Philippi badala ya kumngoja adui aje amechoka. Mara zote tatu Cassius, mwenzake katika njama, alimwonya. Mwambie msomaji aweke kidole hapo: mtu mwema anapoteza nguvu kwa sababu hajui nani azungumze mwisho.

Antony naye ana vifaa, na anavitoa kwa mpango. Kwanza maneno ya heshima kuhusu Brutus, yanayorudiwa mpaka yanageuka kejeli. Kisha wosia wa Kaizari, anauonyesha halafu anakataa kuusoma. Kisha anashuka jukwaani, anawakusanya watu duara kuizunguka maiti. Kisha joho, tundu kwa tundu, hili la Cassius, hili la Casca, ingawa yeye hakuwapo walipochoma, maana Trebonius alikuwa amemvuta nje. Mwisho kabisa ndipo wosia unasomwa: drakma 75 kwa kila raia, na bustani za Kaizari ziwe za watu wote. Umati unakwenda kuchoma nyumba.

Mruke Cinna mshairi kama muda ni mdogo (anauawa kwa kufanana jina, na walipogundua wakasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya), lakini usiruke mwanzo wa Tendo la 4. Antony na washirika wake wapya, Octavius na Lepidus, wamekaa wanatia alama majina ya watakaouawa. Lepidus anamtoa ndugu yake, Antony anamtoa mpwa wake. Halafu Antony anamtuma Lepidus akaulete ule wosia ili waangalie namna ya kupunguza walichoachiwa watu. Zile drakma 75! Damu ya umati haijapoa. Na mara tu Lepidus anapotoka, Antony anamfananisha na punda wa kubeba dhahabu, akifika atatuliwa mzigo afukuzwe akale majani.

Kwa hiyo utaratibu: kila mtu achukue penseli na karatasi yenye safu nne. Nani anaamuru. Nani anatekeleza. Kwa kifaa gani (barua, wosia, upanga, ahadi ya cheo). Imechukua mistari mingapi kabla amri haijatiiwa. Safu ya nne ndiyo inayozaa matunda. Amri inayotiiwa papo hapo na ile inayohitaji mistari arobaini ya kubembeleza si mamlaka ya aina moja.

---

neno_kwa_neno

Swali la pili ni langu. Hujisumbui, ila usilifanye kuwa somo la kamusi, mtakesha.

Mfano wa karibu: panda matatu yoyote ya kwenda Umoja. Mwenye gari hayupo ndani lakini ndiye anayeamua gari liende au lilale. Hayo ni mamlaka. Dereva amepewa madaraka ya safari ya leo, na jioni atayatolea hesabu. Makanga hana hili wala lile kwenye karatasi, ila akisema "songa mbele" watu wazima wenye shahada zao wanasonga. Huo ni ushawishi wenye nguvu kidogo nyuma yake. Enzi hapo haimo, labda kwenye michoro na muziki.

Na kwa Mkenya neno madaraka lina tarehe. Tarehe 1 Juni 1963 tulipata madaraka, uhuru tukaupata 12 Desemba. Kwa miezi ile sita Waziri Mkuu alikuwa wa kwetu na Gavana wa Mwingereza bado yupo. Madaraka ni yale unayoendesha. Kuna mwingine mahali ambaye bado ameshika mzizi. Ukilielewa hilo, umeshamwelewa Lear nusu.

Maana Lear amefanya nini? Amegawa mamlaka na madaraka yote kwa mabinti wawili na waume zao, akajibakizia enzi: jina la mfalme, heshima zake, na mashujaa 100 wa kumsindikiza. Alidhani enzi inasimama peke yake. Nenda Tendo la 2, onyesho la mwisho, ukahesabu. Goneril, binti mkubwa, alishampunguzia 50. Regan anasema yeye atapokea 25 tu. Lear, maskini, anamrudia Goneril: nitakwenda nawe, 50 zako ni maradufu ya 25, kwa hiyo mapenzi yako ni maradufu. Goneril sasa anauliza, unahitaji 25 kwa nini? Au 10? Au 5? Na Regan anamalizia: unahitaji hata mmoja kwa nini?

100, 50, 25, 10, 5, 1, hakuna. Hii ni minada ya Gikomba ikienda kinyumenyume. Mnunuzi anajua muuzaji hana pa kwenda. Wasomaji wengi hukasirikia ukatili wa mabinti na kupitwa na jambo zuri zaidi: hoja zao ni nzuri. Nyumba mbili za mabwana wawili haziwezi kuwa na jeshi la mtu wa tatu. Mwenye enzi bila mamlaka ni mgeni, na mgeni siku ya tatu mpe jembe.

Macbeth amepata kinyume chake, kiti anacho ila uhalali hana, na hilo Shakespeare analionyesha kwa viti vyenyewe. Tendo la 3, Onyesho la 4, karamu. Maneno ya kwanza ya Macbeth kwa wageni: mnajua ngazi zenu, ketini. Kila mtu anakaa kwa cheo chake, nchi nzima imepangwa mezani. Kisha mzimu wa Banquo, aliyeuawa kwa amri yake, unakalia kiti chake yeye mfalme. Anaangalia meza, anaona imejaa. Mwisho wa karamu mkewe anawafukuza wageni akiwaambia wasijali utaratibu wa kutoka, watoke tu. Onyesho lilianza kwa ngazi, limekwisha kwa msukumano mlangoni. Hukuambiwa popote kwamba utawala umeoza. Umeona foleni ikivunjika.

Tahadhari moja. Magazeti yetu hutumia mamlaka na madaraka kana kwamba ni pacha, na wengi wa kikundi chako watakuja na mazoea hayo. Usiwasahihishe. Wape maneno matano ubaoni (nguvu, mamlaka, madaraka, enzi, ushawishi), waulize mhusika fulani anayo yapi na amekosa lipi. Dakika tano zinatosha. Wakianza kubishana asili ya neno, futa ubao.

---

MtuWaPate_Eastleigh

Cha pwani. Watu watakuambia Al-Inkishafi, na ni kweli ni johari, lakini kwa kundi lako mimi ningeanza na Fumo Liyongo. Ule utendi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani sana. Kuna sababu ya kiufundi: mizani 8 kwa mshororo, kisa kinakwenda mbio, na hoja ya Penseli kuhusu wanaotumwa imejaa humo kama nazi kwenye wali.

Liyongo hana cheo. Ana nguvu za mwili, ana ushairi, ana watu wanaompenda, na hicho ndicho kinachomkosesha usingizi sultani wa Pate. Mfalme anamtia gerezani, lakini tazama anavyotoka. Kijakazi Saada huleta chakula kutoka kwa mama yake, na kila siku walinzi wanakipora kilicho kizuri. Liyongo anaimba maagizo, yaani anaongea mbele ya walinzi wale wale kwa lugha wasiyoing'amua: mama aoke mkate wa wishwa, ndani aweke tupa. Walinzi wanauona mkate wa makapi, wanaudharau, wanampa mfungwa. Kisha watu wanachezesha gungu, ngoma ya pwani, nje, na kelele za matoazi na ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata chuma.

Hebu simama hapo. Amri ya sultani ilikuwa mlinde. Walinzi walilinda. Ila walichagua mkate kwa ulafi na kwa dharau, na ufunguo wa gereza ukapita mikononi mwao. Jaza safu nne za Penseli uone.

Halafu mauti yake. Silaha hazimdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo sultani hawezi kuipata kwa jeshi, anaipata kwa mtoto wa Liyongo mwenyewe, kwa kumwahidi makubwa. Baba anamwambia mwanawe siri, na utendi unatuonyesha kwamba hakuwa mjinga, alihisi. Anachomwa akiwa amelala. Anaamka, anachukua uta, anakwenda kupiga goti kisimani, mshale tayari kwenye uta, na anafia hapo hapo katika hali hiyo.

Na mji haunywi maji. Siku zinapita, hakuna wa kumkaribia, maana wanadhani anawangoja. Mama yake anakwenda kumbembeleza, akidhani ana hasira. Mpaka mwili unaanguka ndipo wanaiona sindano. Kwa hiyo mtu asiye na cheo, na aliyekwisha kufa, amefunga kisima cha mji mzima, na sultani aliye hai na jeshi lake hawezi kukifungua. Nitajie onyesho lolote la Kiingereza linalopita hilo kwa kuonyesha mamlaka ni kitu kilicho kichwani mwa anayeogopa.

Al-Inkishafi itoe ubeti mmoja tu, iwe ya kufungia. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga karne ya 19 ikianza, Pate ikiwa imeshaporomoka. Hakuna mfalme anayesema wala kutenda. Kuna nyumba tu:

*Nyumba zao mbake ziwele tame,*
*makinda ya popo iyu wengeme,*
*husikii hisi wala ukeme,*
*zitanda matandu walitandiye.*

Yaani zile nyumba zilizokuwa ziking'aa kwa taa zimekuwa mahame, makinda ya popo yananing'inia juu, husikii mnong'ono wala ukelele, tandabui zimetanda. (Nakala hutofautiana tahajia kidogo, msishtuke.) Wasomee kwa sauti na uwaombe wahesabu: kila mshororo una mizani 11, pumziko baada ya ya 6. Mishororo mitatu ina kina cha -me, wa nne unatoka na -ye, na -ye hiyo ndiyo inayofunga ubeti mwingine, na mwingine, mpaka mwisho. Wafalme wanabadilika, kina cha mwisho ni kile kile. Huo ndio ukatili wa umbo lenyewe.

Kosa ambalo watu hufanya na utenzi huu ni kuufanya mawaidha ya msikitini peke yake. Ni mawaidha, sawa. Lakini angalia mtunzi anachokiorodhesha: taa, viti, madaka ya kuwekea sahani, vitanda, watumishi. Ni hesabu ya mali ya tabaka fulani, kwa jicho la mtu aliyelijua kwa ndani. Anayeililia dunia hapo anajua bei ya vyombo vya kaure.

Muyaka wa Mombasa ningemwacha kwa mkutano mwingine. Mashairi yake mengi ni silaha za vita vya Wamazrui na Seyyid Said wa Oman, na bila kumweleza mtu kwamba Wamazrui walianguka 1837 na nani alikuwa upande gani, shairi linabaki fumbo. Utatumia dakika 40 kueleza na 5 kusoma.

---

kalamu_nyekundu

Nakubaliana na mengi, ila Penseli kavuta kamba kupita kiasi. Siyo kila mahali mamlaka yanavunjikia kwa anayetumwa. Mtazame Creon katika Antigone ya Sophocles, mfalme aliyepiga marufuku maiti ya kaka yake Antigone kuzikwa. Mlinzi anayeleta habari ya maiti kuzikwa ni mwoga, walipiga kura nani aende naye ikamwangukia, njiani anasitasita, lakini mwisho anatii na anamleta Antigone mwenyewe. Kila anayetumwa katika tamthilia hiyo anatumika. Mamlaka yanavunjika kwa mwenye nayo, tena kwa jambo la ratiba. Tiresias, mtabiri, ameshamwonya, kiongozi wa kiitikio anamwambia waziwazi: mtoe msichana pangoni alikofungiwa, kisha mzike aliyetupwa. Creon anakwenda kuzika kwanza. Anaosha, anachoma, anajenga kaburi, kila kitu kwa adabu, halafu ndipo anaelekea pangoni. Amechelewa. Antigone amejinyonga, Haemon, mwana wa Creon, anajiua, na mke wa Creon anafuata.

Mpangilio ulikuwa mkononi mwake na aliugeuza. Hakuna mtumishi wa kulaumiwa.

Na usimsahau Shaaban Robert, kama unataka nathari. Kusadikika ya 1951 ni kesi mahakamani tangu mwanzo hadi mwisho: Majivuno anashtaki, Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Hapo utaona kinyume cha Liyongo, mtu anayetii agizo na kuadhibiwa kwa kulitimiza vizuri. Ila kwa saa moja na nusu usiitie. Utabanana.

---

msomaji_wa_Ngara

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichoomba. Basi nimeamua: Kaizari, Lear vipande viwili, Liyongo, na ubeti wa Inkishafi. Makbeth nitaiacha, japo ile karamu inaniuma. Nisaidieni mgawanyo wa muda. Na hili la kulinganisha na siasa za leo, nilizuie kabisa?

---

penseli_ya_Kahawa

Kalamu, kwa Creon nakupa pointi, sina la kujibu. Ingawa yule mlinzi bado namtaka.

Muda, dakika 90. Hotuba mbili za Kaizari zisomwe kwa sauti: msomaji mmoja Brutus, mmoja Antony, waliobaki wote ni umati, na umati upewe mistari yake iliyochapishwa. Wakikaa kimya onyesho linakufa. Tenga dakika 25 pamoja na Tendo la 4 mwanzo. Lear mtumishi na kapteni, 20. Liyongo, 20, kuanzia mkate hadi kisima. Maneno matano ubaoni yakae katikati ya Lear na Liyongo, siyo mwanzoni, ili watu wawe na wahusika wa kuyapima. Hapo una 20 za mwisho, pamoja na Inkishafi, na watu watakaochelewa kwa jam ya Thika Road watakula dakika kumi bila kukuuliza.

Angalizo la nakala tena: tafsiri ya Nyerere ina toleo la 1963 na la 1969 alilolifanyia marekebisho, na watu wako watakuja na chochote walichookota kwa wauza vitabu wa barabarani. Usitaje ukurasa. Taja tendo, onyesho, na maneno matatu ya kwanza ya mhusika. Bora zaidi, chapa mwenyewe vile vipande, karatasi mbili zinatosha. Na mtu akikuuliza kwa nini Mwalimu aliita ile nyingine Mabepari wa Venisi badala ya wafanyabiashara, jua hilo ni swali zuri mno la mamlaka, nalo litakula mkutano mzima. Mwambie mwezi ujao.

---

neno_kwa_neno

Siasa za leo usizizuie, zitapenya chini ya mlango. Ziwekee nauli: anayetaka kulinganisha ataje kwanza onyesho, aliyeamuru, na aliyetekeleza. Atakayeweza kutaja hao watatu, analinganisha kitu. Asiyeweza atarudi kwenye karatasi kuwatafuta, na hapo ameshasoma tena.

---

MtuWaPate_Eastleigh

Ukichapa ule ubeti, acha nafasi pana baada ya mizani ya sita katika kila mshororo, kama hivi: *Nyumba zao mbake / ziwele tame*. Wa bara wakiusoma bila pumziko huukimbiza kama tangazo la redio. Na matamshi: *mbake* ni silabi mbili, siyo tatu, *husikii* ni nne. Wakikosea hapo mizani 11 haitatimia na watadhani ni mtunzi aliyekosea.